"Nimefika" ya Boniface

Overport, Durban,
9 Februari 2014.

Mpendwa mdogo wangu Belinda,

Marahaba ya shikamoo uliyomtuma Gosbert aniletee. Hujambo wewe? Mumeo Gustave na mgongo wake wanaendeleaje? Na hiyo baridi ya Ghent, bado inakunyima usingizi? Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa. Shemeji yako Boniface naye mzima, yuko njiani kama kawaida yake.

Usishangae nimekuandikia kwa mkono. Kwenye simu haya hayasemeki. Shemeji yako akiwepo anaweka sauti kubwa ili mtaniane, na asipokuwepo naogopa nitalia, nikulize na wewe. Gosbert anarudi chuoni kwake Leuven wiki ijayo, basi atakuletea.

Ni ile safari yetu ya Juni. Unajua tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na tulikubaliana tuje huko Ulaya badala ya kwenda kuchinja ng'ombe Bukoba. Nilifurahi mno. Sasa ngoja nikueleze mwenzangu alivyoipanga.

Amebandika ramani kwenye friji. Brussels, Paris, Lyon, Geneva, Milano, Roma, kurudi Munich na Amsterdam, yote ndani ya siku kumi na nne! Dereva wa malori ni dereva wa malori tu. "Paris tunashusha, Lyon tunapakia, Geneva tunalala boda." Nikamwuliza, Baba Jovitha, tunashusha nini, mimi? Akacheka mpaka akakohoa. Nikasema nataka tukae mahali pamoja, tutulie. Akasema nauli yote hiyo siyo ya kwenda kukalia kiti. Kwako ametenga usiku mmoja, mdogo wangu. Mmoja!

Hata Marie-Jeanne, yule Mkongomani anayenisuka saluni kwake kule Point, alishika kichwa. "Eish, Mama Jovitha, ile haiko safari, iko mashindano!" Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani sina raha.

Kwa sababu wewe hujui ninavyoishi huku, Belinda. Nakuficha. Lori likishapakia bandarini linaelekea Lubumbashi, na mpakani wanaweza kukwama hata wiki. Jovitha yuko Cape Town na kazi zake. Nyumba inanipwaya. Napika wali kidogo, na bado unabaki, naula tena kesho yake. Kuna siku sauti yangu naisikia mara ya kwanza jioni, nikimwambia mwenye duka asante. Nina upweke, mdogo wangu, sina jina jingine la kuupa.

Ninachopata kwa mume wangu ni ujumbe. Akifika popote ananiandikia neno moja tu, "Nimefika." Hataji wapi. Mimi nakisia mwenyewe, leo atakuwa Musina, leo atakuwa Zambia.

Sasa Novemba iliyopita niko kwaya, ujumbe ukaingia. Nimefika. Nikamjibu kama siku zote, "Pole na safari, kapumzike," nikazima simu, tukaendelea kuimba. Kumbe mzigo wa Lubumbashi ulikuwa umeahirishwa, karudi mapema, na alikuwa mlangoni kwetu hana ufunguo! Simu yake nayo ikaisha chaji. Nilipotoka kwaya nilimkuta amelala kwenye ngazi, begi ndiyo mto.

Hadi leo anawasimulia wenzake bandarini, wanavunjika mbavu. Mimi siku ile nilicheka naye, kisha nikaingia jikoni nikalia. Mke gani huyo, mumewe anamwambia amefika, yeye anampa pole kama yuko nchi nyingine? Tangu hapo ujumbe ukiingia lazima nikachungulie ngazini.

Basi nakuomba, wewe anakusikiliza. Mbembeleze tukae kwenu wiki nzima, halafu wiki ya pili twende kijijini kwa kina Gustave kule Ardenne, basi, yatosha. Msinitembeze popote. Nataka aamke asubuhi hana pa kwenda. Chai yake impoe mkononi. Tugombane kwa jambo la kijinga, tupatane siku hiyo hiyo. Namjua, siku ya tatu ataanza kuulizia funguo za gari la Gustave. Zificheni!

Miaka yote hii hilo neno lake nalisoma kwenye simu. Nataka aliseme kwa mdomo wake, mimi nimekaa ubavuni kwake. Usiniangushe, mdogo wangu, na usimwambie nimekuandikia.

Nisalimie sana Gustave na mama mkwe wako. Ukimpigia shangazi Blandina mwambie dawa zake nimezituma. Mungu awakinge na baridi hiyo, atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,
Coletha

Tena: nilikuwa nafunga bahasha, ujumbe ukaingia. Nimefika. Nimekwenda kuchungulia ngazini, hakuna mtu.