Nimeyapasua Mawe ya Binti Yangu, Nikamwekea Mengine

Mshauri, salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, lakini jambo hili limenikaa kooni wiki nzima, na nikimwambia mtu wa hapa kazini litafika nyumbani kabla yangu.

Mimi ni mpasua kokoto. Nina miaka kumi na minne machimboni, nakaa chini ya turubai na wanawake wenzangu, nyundo mkono wa kulia, kipande cha mpira wa kushikia jiwe mkono wa kushoto, na kwa kazi hiyo nimemlea binti yangu peke yangu mpaka amefika sekondari, hesabu anaziweza, na tangu akiwa mdogo nilikuwa namwambia soma mwanangu usije ukashika nyundo kama mimi, naye ananijibu sawa mama, mpaka mwaka huu mwalimu wao wa jiografia alipowaletea habari za kambi ya wiki tatu ya wanafunzi wanaotaka kusomea miamba na udongo na maji ya chini ya ardhi, na wanawataka hasa watoto ambao kwao hakuna aliyewahi kusomea mambo hayo, na binti yangu akarudi nyumbani anaruka kama kashinda kitu.

Kila mwombaji anatakiwa apeleke mkusanyo wa mawe na daftari la maelezo. Basi likizo nzima akawa anakuja machimboni, anauliza kila kitu. "Mama, kwa nini hamchukui mawe ya kule mbali?" Nikamwambia yale takataka, ukigonga yanafunguka kurasa kama daftari, wajenzi hawayataki. "Yanaanzia wapi?" Nikamwambia hatua saba kutoka kwenye jeusi, maana hapa kwetu kuna jiwe jeusi limesimama kama ukuta katikati ya machimbo, na mawe yaliyolala jirani nalo ni magumu, yanatoa kokoto safi, ukivuka hatua saba basi tena. "Nani alipima?" Nikamwambia mgongo wangu ndio uliopima. Akacheka, akaandika. Kesho yake akaja na kamba yenye mafundo, akachukua jiwe moja kwenye jeusi, halafu moja kila hatua, jumla kumi na moja, akayapaka namba kwa rangi nyeupe, akayafunga kwenye magazeti, akayatia kwenye boksi na kulifunga kwa kamba, akasema mama boksi hili lisifunguliwe mpaka siku ya usaili, kingo zitamomonyoka.

Hapo mwenzetu mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu hazimwi, akanipigia kelele mbele ya wote: "Kumbe umemsomesha miaka yote hiyo aje kusomea kokoto? Ungemleta kwangu, ningemfundisha wiki moja, na cheti ningempa!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini iliniuma. Nikarudi nyumbani nikaikuta fomu ya kambi mezani inasubiri saini yangu, na kuna swali linasema je, katika familia yako kuna mtu anayefanya kazi inayohusu miamba, ni nani, na binti yangu ameandika kwa kalamu ya wino, "Ndiyo. Mama yangu."

Mshauri, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wataalamu wa mawe nawajua, walishakuja machimboni mara moja, wanaume watatu wenye buti na kofia ngumu, hawakutusalimia, wakamuuliza msimamizi jiwe jeusi linaelekea wapi, msimamizi hajui, akaja akaniuliza mimi, nikamjibu, akaenda akawajibu wao, wakaandika, wakaondoka. Sasa watu kama wale wasome kwamba mtu wa miamba katika familia yetu ni mimi, mwenye kucha zilizovunjika, si watamcheka mtoto? Na nikawaza vumbi, maana mimi nakohoa kila asubuhi, na nikawaza kwamba nimekaa kwenye mawe miaka yote ili yeye asikae, na sasa anakwenda kukaa kwa hiari yake.

Jumamosi alipokwenda masomo ya ziada nililichukua boksi nikaenda nalo machimboni, nikayapasua. Sijui nikwambie nini zaidi. La kwanza mpaka la nane yalilia vizuri, chuma kwa chuma, la tisa likafunguka kurasa kwa pigo moja, na la kumi na la kumi na moja vilevile, nikayachanganya kwenye rundo langu na lori likabeba.

Nilipomaliza ndipo akili ikanirudia, nikaogopa, nikachagua mawe mengine kumi na moja, mazuri kuliko yale yake, yote meusi, yasiyo na ufa hata mmoja, nikayapaka namba kwa rangi ile ile, nikayafunga kwenye magazeti, nikalifunga boksi kwa kamba kama lilivyokuwa. Yeye hajui. Usaili ni tarehe ishirini na sita na fomu bado sijaitia saini. Najiambia mawe ni mawe, na haya ni mazuri zaidi, huenda yakampa bahati. Wakati mwingine najiambia afadhali akose nafasi, arudi kwenye mambo ya benki au uuguzi. Lakini kila akipita karibu na boksi anaipapasa ile kamba, na mimi nashindwa kula. Je, nikae kimya?

Ni mimi, mpasua kokoto.

*

Mpasua kokoto,

Barua yako imefika Jumatatu. Gazeti hili litakuwa mkononi mwako tarehe kumi na tano. Una siku kumi na moja, na machimbo yako hayajahama. Zinatosha, ukianza leo.

Jibu la swali lako ni hapana, usikae kimya. Nitakwambia kwa nini, na utavumilia, kwa sababu umeniuliza mwenyewe.

Unasema mawe ni mawe. Hilo wewe hujawahi kuliamini hata siku moja. Kama mawe ni mawe, mbona miaka kumi na minne hujavuka hatua ya saba? Mbona unalikataa jiwe la kurasa na kulichagua linalolia? Binti yako hakuchukua mawe kumi na moja ili yapendeze. Alichukua moja kila hatua ili aonyeshe yanavyobadilika kutoka kwenye jeusi kwenda mbali, na maelezo yote yako kwenye daftari lake, namba kwa namba. Wewe ukamwekea kumi na moja yanayofanana kama vifungo vya shati moja. Ulichagua kwa jicho la mpasua kokoto, ukatafuta yaliyo bora. Kazini hiyo ni sifa. Kwenye boksi lile ni uharibifu.

Nilimpigia simu mtaalamu wa miamba, kwa sababu sipendi kutoa ushauri juu ya kitu nisichokijua. Huyu ni mama wa watoto wawili, kazi yake ni kutafuta mahali pa kuchimba visima, na baba yake alikuwa kinyozi. Nilimsomea sehemu ya barua yako bila kutaja mahali. Nikamuuliza binti akifungua boksi lile mbele ya wasaili itakuwaje. Alinijibu: "La tisa anasema linafunguka kurasa, halafu anatoa jiwe jeusi gumu. Tutajua kwamba mkusanyo umeghushiwa, na tutadhani ameghushi yeye. Mtoto asiyejua kitu tunampokea, ndiyo maana kambi ipo. Mtoto mwongo tunamrudisha nyumbani."

Hiyo ndiyo bahati uliyomfungia kwa kamba.

Nilipomsomea habari za hatua saba aliniomba niirudie sentensi ile. Kisha akauliza, "Nani kapima?" Nikamwambia mgongo wa mama mmoja. Akanieleza hivi: lile jeusi lilipanda kutoka chini likiwa limeyeyuka kwa moto, likapenya katikati ya mawe ya kurasa, na joto lake likayaoka majirani mpaka yakawa magumu. Yaliyokuwa mbali hayakuokwa, yakabaki kurasa. Hatua zako saba ni umbali ambao moto ule ulifika. Binti yako alikwenda machimboni kulithibitisha hilo kwa kamba yenye mafundo. Wewe ulikuwa umeshalijua kwa nyundo.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Jumamosi ile ulipokuwa unapasua, ulisikia la kwanza mpaka la nane yakilia, na la tisa likafunguka. La kwanza ni jeusi lenyewe, yale saba yanayofuata ni hatua zako saba. Ulikuwa na hasira, ulikuwa na aibu, na bado masikio yako yalihesabu bila kukosea. Jambo hilo wataalamu wanaliita jaribio. Ulichokosa ni ruhusa ya mwenye mawe na kuandika.

Kuhusu wale wanaume watatu wenye buti, sina la kuwatetea. Walikosa adabu, na walikosa akili pia, kwa sababu walisafiri wakamwacha mtu aliyekuwa na jibu wakamuuliza asiyekuwa nalo. Lakini angalia walichoondoka nacho. Kilichoandikwa kwenye karatasi zao kilitoka kinywani mwako. Waliyoyasomea walikuhitaji wewe wayamalizie, na wewe ukarudi kukaa chini ya turubai ukiamini kwamba sayansi imekuja na kuondoka nao kwenye gari. Binti yako ameona tofauti. Ameulizwa nani katika familia anafanya kazi ya miamba, akaandika ukweli kwa wino. Hakuandika kwa kukuonea huruma. Watoto wa umri ule hawana huruma kiasi hicho.

Hofu ya vumbi naiheshimu, na kikohozi cha kila asubuhi si cha kuzoea. Nenda ukapimwe kifua wiki hii, hilo ni agizo. Lakini usimpigie hesabu binti yako kwa maisha yako. Mama wa visima aliniambia siku zake nyingi ziko mezani, na ramani na kioo cha kukuzia, na kwamba wenzake wengine hukagua mlima kabla watu hawajajenga chini yake, wengine hupima udongo wa mashamba, wengine hutazama kama bwawa litashika maji. Mmoja wa wakubwa wake anatembea kwa magongo na hajawahi kukosa kazi, kwa sababu mawe huletwa ofisini. Ulitaka binti yako asishike nyundo. Atashika ndogo, mara moja moja, halafu ataandika alichokisikia. Uliyoyakimbilia miaka yote ni hayo.

Basi fanya hivi.

Leo akirudi shule, kabla hajavua viatu, mwambie. Maneno yawe machache: "Mawe yako niliyapasua. Yaliyomo humo niliyaweka mimi. Niliona aibu." Usiongeze kwamba ulifanya kwa faida yake, kwa sababu si kweli, na atajua. Atalia au atakupigia kelele, au atanyamaza, ambalo ni baya zaidi. Mwache. Usimkumbushe shida ulizopata kumlea, hana deni nawe kwa hilo. Akimaliza kulia, mpe barua hii yako asome sehemu ya nyundo, aone ulichosikia kwenye kila jiwe.

Jumamosi nendeni machimboni mapema, pamoja. Kamba ashike yeye, mafundo ahesabu yeye, namba aandike yeye. Kazi yako ni kuonyesha mahali na kumtolea jiwe mahali anapokuambia, hata kama jiwe lenyewe ni baya. Hasa likiwa baya. Lowesheni maji kwanza vumbi lisipande, na mjifunge vitambaa usoni wote wawili. Redio naye msimfukuze, mpeni ncha ya pili ya kamba aishike na aambiwe asiisogeze. Itakuwa mara ya kwanza anatulia, na akiulizwa cheti chake kiko wapi, mtamjibu kwamba bado anafanya mafunzo.

Daftari lisifutwe. Chini ya maelezo ya zamani aandike kwamba mawe ya kwanza yalipasuliwa, tarehe gani, na mpasuaji ni nani, na alisikia nini kuanzia namba moja mpaka kumi na moja. Kisha aandike ya mkusanyo wa pili. Mama wa visima anasema yeye angekuwa msaili angeanza kusoma ukurasa huo, kwa sababu anayeandika kilichoharibika ndiye anayeaminika kwa kilichobaki. Kama atapata nafasi au hatapata, hilo sikuahidi mimi, wala yeye hakuahidi. Wasaili wana macho yao. Ila ataingia chumbani na mawe ya kweli.

Imebaki fomu. Lile jibu, "Ndiyo. Mama yangu," usimwombe alifute. Chini yake kuna mstari wa saini ya mzazi, na kando ya saini wanataka jina. Watu waliokuja machimboni hawakukuuliza lako. Hawa wameuliza. Chukua kalamu, uandike lote, kwa herufi zinazosomeka.