Mapovu Kwenye Nyasi za Junda

Junda, Kisauni
14 Mei 1988

Shoga yangu Nyamvula,

Pokea salamu zangu tele, wewe, shemeji na watoto huko Voi. Nataraji hamjambo nyote. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako naye mzima, na ndiye aliyenituma nikuandikie, kwa kuwa hati yangu anaipenda.

Mvua za mwaka huu zimeotesha nyasi mpaka kiunoni. Basi nyasi zile zikajaa mapovu meupe, ungedhani mtu kapita akitemea mate kila bua. Mbuzi wangu akala, akafa. Ikasemwa ni uchawi wa mama yako, Mama Kafedha kama aitwavyo hapa, kwa kuwa yeye hupita pale alfajiri na ugoro wake mdomoni, akitema. Jumapili watu wakajaa uani kwake, jirani yetu Ngumbao mbele yao, wakamwambia afungashe arudi Kaloleni kabla jua halijatua.

Hakulia. Aliwaomba waje naye kwanza nyasini. Akapangusa povu kwa ukucha, na ndani mlikuwa na kidudu laini, cha kijani, hakina mbawa, kimezamisha mdomo kwenye bua kinafyonza maji yake. Akaeleza kuwa maji yanayozidi hukitoka nyuma, nacho huyatia pumzi yakawa povu, kikajificha humo jua lisikichome wala sisimizi wasikile. Utotoni alicheza navyo akichunga mbuzi, nao mbuzi waliyala mapovu hayo wasidhurike. Tukasimama tukingoja, na wallahi, povu likaanza upya mbele ya macho yetu! Kisha akatuonyesha kilichokwisha kukua, cha hudhurungi chenye madoa mekundu, mbawa zimekunjwa kama paa la nyumba. Kikaruka mithili ya chura, na Ngumbao naye akaruka na ukubwa wake wote. Watu wakacheka, kisha wakaona haya, wakaondoka mmoja mmoja.

Nyamvula, aliyeanzisha maneno yale ni mimi. Mimi niliyekuzwa na uji wa mama yako! Uchungu wa mbuzi ulinitia wazimu. Nilipokwenda kumwangukia miguuni aliniinua, akasema alijua tangu siku ya kwanza, na akanipa mbuzi wake mmoja, jike. Sijui nimshukuru vipi, dada yangu. Kila nikimkama mbuzi huyo machozi hunitoka.

Mama aliniagiza nikuambie tu kwamba mvua ni nzuri, na hata nikisimulia kisa hiki, jina langu nisilitaje kabisa. Nitakapomsomea barua hii, maneno haya sitayasoma.

Nibusie watoto, na shemeji mpe mkono wangu. Nijibu hata kama umekasirika.

Ni mimi shogayo,
Mwanatabu