Tanuru ya Papa Octave

Jumatatu, 3 Juni 2024
Matanga ya mama Germaine, mke wa papa Octave, siku ya pili. Sisi waoka mikate tuna desturi: mwenzako akifiwa, jirani anawasha tanuru yake na kuoka mikate ya waombolezaji. Ukuta mmoja tu unatutenganisha, kwa hiyo nikaenda mimi. Tanuru nzuri mno! Inashika moto kuliko yangu. Ufa mdogo sakafuni mwake — ukizibwa kwa udongo kidogo, umekwisha.

Jumamosi, 8 Juni
Papa Octave anauza tanuru yake. Anahamia Isangi kwa binti yake. Nimeitamani tanuru ile hadi nimeona haya. Kaburi bado bichi.

Jumatano, 12 Juni
Mnunuzi amefika kutoka Bunia, bwana Gédéon. Mtu wa sementi, mikate haijui. Akapita kwangu kuuliza — mimi ni jirani, tena wa kazi hiyohiyo, nani angejua zaidi? Nikamwambia sakafu yote imepasuka, itabidi kubomoa. Akanishukuru! Akapanda pikipiki, akaenda zake.
Nimesema uongo. Mimi, Hadidja, mtu mzima.

Alhamisi, 13 Juni
Mikate imeungua, mafungu mawili. Akili haipo. Najitetea: mgeni angeharibu kazi, angefukuza wamama wanaochuuza mikate. Labda. Lakini tanuru ile nimeijua nilipoingia kusaidia msibani. Kikulacho ki nguoni mwako — na safari hii anayekula ni mimi. Nimeswali huku nimeinamisha uso kuliko kawaida.

Jumamosi, 15 Juni
Papa Octave yupo hapa. Ameleta karatasi ya mauzo, ninunue mimi, bei ameshusha mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini.
“Mama Hadidja, ile mutu ya Bunia hakurudia. Bon, ni vizuri. Weye uko karibu, unajua kazi, na ulipikia bibi yangu Germaine mikate ya matanga. Lakini sitakuficha: chini ya four, ile tanuru, kuko ka-ufa. Nimepunguza bei juu ya ile ka-ufa.”
Hatanificha! Nilitamani ardhi inimeze. Nilifungua mdomo nimwambie, nikasema natafuta kalamu.
Nimejifungia chumbani. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia. Yeye sebuleni, chai yake inapoa. Nikitoka nitasema. Au nitatia sahihi, sijui.
Ananiita. Anauliza kama aje anisaidie kutafuta.