Nukta Nje ya Mstari

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mtoto. Sisi hatujambo; baba bado anakohoa asubuhi, na mimi bado naona haya hata kuomba chaki.

Umeniuliza kama uje likizo. Nitakujibu, ila niache nianze na maabara, maana nikianza na hilo lako sitamaliza barua.

Tulitundika springi, tukaiongezea vyuma kimoja kimoja, tukipima inavyorefuka. Kwenye grafu nukta zangu zilikaa kwenye mstari ulionyooka, isipokuwa ya mwisho. Wenzangu walikuwa wamechora mstari kwanza, kisha wakazipanga nukta juu yake kama shanga. Wakaniambia nifute yangu, nisijifanye profesa. Sikufuta. Tangu siku hiyo wananiita Nukta.

Nilimuuliza mwalimu, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kama basi kanuni ya mstari ulionyooka ni ya uongo. Akasema, "Si ya uongo. Inaeleza springi ambayo haijachoshwa. Ukishaichosha, acha kanuni, itazame yenyewe." Tulipotoa vyuma vyote, springi haikurudi kwenye urefu wake wa kwanza.

Dada, nawe una mstari wako kuhusu nyumba hii: baba mkali, mama anakulilia kwa siri. Kila ninachokuandikia unakipanga hapo, nami nimekuachia, maana mengi yalikaa sawa. Ulipopata mimba baba alifoka kweli. Mama alilia kweli.

Lakini Jumapili, tukiwa mezani, baba alisema huku akiitazama sahani yake kwamba kitanda chako kirudishwe chumbani, uje na mjukuu wake. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Mama akaendelea kukusanya vijiko. Akasema watu ndiyo kwanza wameacha kumuuliza habari zako, na yeye amechoka kujibu.

"Tuchukulie hayupo," akasema. "Nyumba itulie."

Baba akainuka na sahani yake. Kesho yake mama aliwaita vijana wa jirani, wakakichukua kitanda kikawe chao.

Nimeitazama nukta hiyo mara nyingi nikitafuta kosa la mpimaji. Silioni. Usije, dada. Ungefika mlangoni ukamkimbilia mama kwanza.

Mbusu mtoto, mwambie mama yake mdogo anamsalimu sana, na kwamba huku kuna mtu mmoja anayemhesabu kuwa yupo.

Ni mimi mdogo wako,
Nukta