Dakika Moja ya Kimya Mlangoni kwa Bi Mwanaidi

Jumamosi, jioni, Jericho. Manyunyu yamekuwa yakija na kuondoka tangu asubuhi, na nguo nilizoanika bado zimelowa. Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sijui nicheke au nilie.

Leo tumemlilia mtu aliye hai.

Wanaonisoma hapa wanaijua kazi yangu ya Jumamosi: natembeza wageni Majengo, nawaonyesha mtaa ulivyoishi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Si habari za mizinga. Ni habari za wanawake waliobaki hapa, waliowauzia askari chai na mahamri, waliowapangisha vyumba, na wengine wakaishi nao kama mke na mume. Shuleni hatukufundishwa hayo, na mimi nayapenda kupita kiasi, hadi wakati mwingine natia chumvi.

Kituo cha mwisho ni nyumba moja ya udongo yenye baraza. Kisa chake nilikipata kwa kinyozi wa jirani: Bi Tatu, mwenye nyumba, aliishi na askari mpaka askari huyo akapelekwa Burma. Mimi humalizia hivi: "Akaondoka, na hakurudi tena." Wageni huguna kwa huruma. Hiyo "hakurudi" kinyozi hakuniambia. Niliitia mwenyewe kwa sababu inapendeza.

Leo nikazidisha. Nikawaomba wageni wainamishe vichwa, tumkumbuke Bi Tatu kwa dakika moja ya kimya.

Sasa, Majengo watu wakisimama kimya mlangoni, vichwa chini, hakuna anayeuliza: huo ni msiba. Mama anayekaanga viazi karai ng'ambo ya njia akajitanda leso, akaanza kulia. Kinyozi akatoka na mabenchi yake.

"Manze, nani amededi?" akaniuliza, na kabla sijajibu mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Wanawake wakapita na kilio chao hadi ndani.

Ndani wakamkuta Bi Mwanaidi, bintiye Bi Tatu, anakunywa chai.

Mimi hata sikujua yupo. Siku zote nilidhani humo mna wapangaji tu. Akatoka taratibu na mkongojo wake, akawatazama waliokuja kumlilia mmoja mmoja. "Maadamu mshafika, kaeni mnywe chai," akasema, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akaniita nikae karibu naye. Nilijua nitasemwa. Hakunisema.

"Mjukuu wangu, kila Jumamosi mimi nakusikia, niko pale dirishani. Huyo askari ni baba yangu. Nani alikuambia hakurudi?"

Akanisogezea kikombe cha chai.

"Mama alikufa akiamini yuko njiani. Na mimi hadi leo sijaambiwa neno na mtu yeyote. Wewe umesoma, umeona makaratasi ya serikali. Wamemzika wapi?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa na matumaini, na hayo ndiyo yaliyonimaliza. Akaniambia baba yake anaitwa Mutua, mtu wa Kitui, akalirudia jina nisije nikalisahau. Miezi yote hii mimi namwita "yule askari". Ilikuwa nimwambie ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Nitaulizia, nyanya."

Nitamuulizia wapi?

Nikimwambia niliongeza chumvi, nitakuwa nimemrudishia baba yake au nimempokonya mara ya pili? Nikinyamaza, je, mimi ni mtu wa aina gani? Huenda kweli hakurudi. Huenda alirudi, akapitiliza kwao Kitui kwa mke mwingine. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu mchana na sioni pa kulishikia.

Jumamosi ijayo wageni watasimama pale barazani wakinitazama, wakingoja mwisho wa kisa. Na Bi Mwanaidi atakuwa dirishani, anasikiliza kama nimepata habari.