Kisu cha Meno

Oulu, Jumapili, Februari

Kaka yangu Jouni,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Satu. Natumai mgongo wako umepoa na kwamba huko Tampere theluji inawaacha mlale. Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima, anakula, anabisha kama kawaida. Nimeliandika hilo mwanzoni kabisa ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa kwa utulivu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati, na karatasi haikatizwi.

Unakumbuka tulivyoachana Krismasi. Ulisema pale mezani kwamba mzee wa miaka yake hana biashara ya kuendesha baiskeli juu ya barafu, na kwamba likizo ya majira ya baridi utakuja uipakie baiskeli kwenye gari uondoke nayo. Baba alitafuna nyama yake ya nguruwe hadi ikaisha, ndipo akajibu kwamba alisambaza barua za mji huu kwa baiskeli mpaka alipostaafu, na hakuna bahasha hata moja iliyowahi kulowa. Jikoni ukaniambia sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nikakuunga mkono, nikasema njoo uichukue, mimi nitavumilia manung'uniko.

Lakini nilijua, na wewe ulijua, kwamba baiskeli ile ndiyo inayompeleka kwa Mama kwenye nyumba ya wazee. Ukasema teksi mara mbili kwa wiki inatosha. Kaka, Mama hajui tena kama leo ni Jumatatu au Alhamisi, ila asubuhi anaijua. Kila siku anachanwa nywele, anakaa dirishani, na hagusi kahawa mpaka Baba aingie na andazi lake la iliki kwenye mfuko wa karatasi. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba leo si siku ya teksi.

Sasa nikueleze kidogo kazi yangu, maana ulihama kabla sijaingia kwenye trekta ya kusafisha theluji. Njia za baiskeli hatuzimwagii chumvi, chumvi inaifanya theluji iwe uji. Tunaiacha theluji ishindiliwe, halafu tunapita na trekta iliyofungwa kisu cha meno, kinachokwaruza mistari mirefu kufuata njia ili tairi zipate pa kushika. Tairi za misumari, zenye vijino vya chuma vya kushika barafu, zikipita juu ya mistari ile huwa zinaimba. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo sana, kwangu ilikuwa kelele tu ya asubuhi.

Na unakumbuka nilivyokuwa nikimcheka Baba kwamba amejifanya msimamizi wangu. Tangu vuli, kila jioni simu ilikuwa ikilia nikiwa bado natafuna. Leo umepita wapi? Ufukweni umefika? Umetumia kisu gani? Nilikuambia kwamba Kyösti, bosi wangu, hunikagua mara moja kwa wiki, Baba kila siku, na kati yao bora Kyösti kwa sababu yeye angalau analipwa. Tulicheka sana, wewe na mimi.

Basi, Jumanne alfajiri kisu changu cha meno kiligonga mfuniko wa mtaro kikavunjika. Kyösti akasema hakuna kingine karakana, funga kile bapa kisicho na meno uendelee, watu wanakwenda kazini. Nikafunga. Kaka, sijawahi kuona njia ikitoka vile. Ilinyooka na kung'aa kama meza iliyopanguswa. Mwalimu mmoja anayepita kila siku na kofia ngumu ya baiskeli alinipungia mkono akasema, dada, leo umeipiga pasi kabisa. Mwingine akaniuliza kama nina mgeni wa heshima anakuja. Nikavimba kichwa, sikufichi. Nilipita ufukwe wote hadi darajani nikijisifu peke yangu ndani ya trekta.

Saa tatu asubuhi muuguzi wa kule kwa Mama akanipigia. Aliuliza taratibu kama Baba anaumwa, kwa sababu hajafika, na Mama Helvi ameisukuma kahawa na hataki kuondoka dirishani. Nikampigia Baba, simu ikaita bila kupokewa. Nikageuza trekta.

Pale njia inapogawanyika, mkono wa kulia unapanda darajani na wa kushoto unashuka kwenye bahari iliyoganda. Vumbi la theluji lilikuwa limeanguka tangu nipite, na juu yake kulikuwa na alama za tairi nyingi zikipanda darajani. Alama moja tu ilikwenda kushoto. Ilikuwa nyembamba, haikuyumba, kama ya mtu anayejua aendako. Trekta haiwezi kwenda kwenye barafu ile, ingezama nami. Nikaiacha pale taa yake ikizunguka, nikashuka mbio na mabuti yangu mazito.

Unajua kilichopo kule. Kwanza njia ya wanaoteleza kwa viatu vya vyuma, kisha lile tundu lililokatwa kwenye barafu kwa ajili ya waogeleaji, na baada ya hapo hakuna kitu isipokuwa bahari. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilifuata ule mstari na nilikuwa nimeanza kumlaumu Mungu kabla hajafanya lolote. Mstari ukaiacha njia ya watelezaji, ukaelekea moja kwa moja tunduni. Nikaiona baiskeli imelala ubavu karibu kabisa na maji meusi, na kando yake ule mfuko wa andazi. Baba hayupo. Nikaita. Nikaita tena. Sikuthubutu kusogea ukingoni nikaangalie.

Ndipo nikasikia wanawake wakicheka.

Walikuwa kwenye kibanda cha kubadilishia nguo. Nikasukuma mlango, nikamkuta baba yetu amekaa katikati ya vikongwe watatu waliotoka majini, amevishwa joho la taulo la rangi ya waridi, kikombe cha kahawa mkononi, suruali yake inaanikwa juu ya jiko. Bibi mmoja anaitwa Terttu, ana mdomo huyo. Akaniambia nisiogope, mzee hajaguswa, ingawa kwa umri wao hawakuahidi kitu. Kumbe walikuwa wamo majini wakisikia tairi zikija, kisha wakamtambua yule aliyewaletea barua miaka yote akitokea ukunguni. Terttu akapaza sauti, we mzee wa posta, huku hakuna sanduku la barua, na kama unakuja kuoga vua viatu kwanza. Baba alipoisikia sauti ikitokea chini, usawa wa miguu yake, akashika breki zote mbili akaanguka. Mguu mmoja uliingia majini hadi gotini. Wakamvuta wao wenyewe, wakiwa na nguo za kuogelea, na bado wanamtania kwamba alikuja kuchungulia.

Nilikaa sakafuni nikalia. Nilipomaliza kulia hasira zikapanda, nikamwambia mbele za watu kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, Jouni alisema kweli, baiskeli inaondoka. Alisubiri niishiwe pumzi. Kisha akawaomba wale mabibi watupishe kidogo, nao wakarudi kwenye maji yao.

Kaka, sasa soma polepole. Baba haoni vizuri. Tangu vuli, akitazama kitu mbele yake, katikati pana moshi, anaona pembeni tu. Uso wangu hajauona sawasawa tangu Septemba. Alinyamaza kwa sababu alijua tutakachofanya, na hatungekosea kukifanya, na Mama angebaki dirishani. Akaniambia kwamba alikuwa anakwenda kwa masikio. Mistari ya kisu changu ikiimba chini ya tairi, yumo njiani. Ikinyamaza, amegusa theluji laini ya pembeni, anarudi. Penye njia panda anafuata upande unaoimba, kwa sababu upande wa baharini siku zote ni kimya. Ndiyo maana alikuwa akipiga simu kila jioni. Hakuwa ananikagua. Alikuwa anauliza kama kesho ataweza kumwona mkewe.

Jumanne njia yote ilikuwa kimya. Kazi yangu nzuri kuliko zote, ile ya kusifiwa, ndiyo iliyompoteza. Alidhani nimechelewa kupita, akaendelea kwa kukisia, na baadaye akaufuata mlio wa watelezaji mpaka nao ukaisha. Akaniambia, mwanangu, wewe hukukosea, njia ilikuwa nzuri kwa wenye macho.

Nilimkumbatia na lile joho lake. Nilicheka na kulia pamoja. Lile sikio ulilosema la kufa ndilo lililomfikisha kwa Mama majira yote haya, na ndilo lililomsikia Terttu na kumsimamisha Baba.

Tulichelewa sana kufika. Andazi lilikuwa limeganda, na Baba alikuwa amevaa soksi za Terttu. Mama akamtazama, akatazama soksi, akasema, Aarne, umechelewa, na kahawa imepoa. Jina lake alikuwa hajalitaja tangu kiangazi. Baba aligombezwa hadi karibu saa sita na sijamwona akifurahi hivyo siku nyingi.

Jumatano nilimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho moja linaweza kuzuiwa lisiharibike zaidi, kwa sindano. Ameshachomwa ya kwanza, na alilalamika kuhusu foleni tu. Baiskeli ameitoa mwenyewe, hakusubiri kuombwa. Badala yake tumepata ile ya viti viwili, mmoja mbele ya mwingine. Mimi mbele, yeye nyuma anakanyaga na kunifokea. Kyösti amenipa ruhusa kati ya zamu ya alfajiri na ya mchana. Nilipomweleza sababu akasema nifunge kisu cha meno ufukwe mzima na asinisikie tena nikijisifu kwa kile bapa.

Kwa hiyo nilichokukubalia jikoni nakitangua. Likizo ukija, usije na kamba za kufungia mizigo. Njoo na tairi zako za misumari na suruali nzito, maana asubuhi za Jumapili huwa nimechoka, na kiti cha mbele kinahitaji mtu. Baba amenituma nikuambie kwamba ukivunga ukaacha kukanyaga, kama ulivyovunga utotoni kwenye mlima wa shule, atakusikia.

Msalimie wifi, mwambie ufumaji wake wa soksi unahitajika huku kwa haraka, jozi moja ya Baba na jozi moja ya kumrudishia Terttu. Mama hajui kwamba nakuandikia, lakini nimemwambia jina lako na amelitabasamia.

Ni mimi dada yako, niliyepona hofu,

Outi