Programu ya Tangi la Soy

Kibet, rafiki yangu,

Naandika nikiwa nimesimama, laptop juu ya kabati, maana kuketi kumenishinda tangu asubuhi. Dawati lako hapa Eldoret bado ni tupu. Nimelizunguka hadi nimejichosha.

Unakumbuka tulivyogombana? Kila ulipogeuza msimbo tuliouandika kuwa programu ya kupoza tangi la maziwa la ushirika kule Soy, uliacha ndani debug, yaani taarifa za kutafutia makosa: majina ya faili zetu, nambari za mistari. Programu ilivimba, na kuituma Soy kwa mtandao wao ilikuwa adhabu. Nilikucheka kwamba unapeleka mahindi sokoni pamoja na mabua. Nikadai pia zinapunguza kasi ya programu. Ukanijibu, "Kasi ni ile ile. Wacha debug ikae, Jerop. Siku programu ikianguka, itatuambia imeangukia wapi."

Wiki moja baada ya kukuzika, niliongeza sehemu yangu ndogo ya kusoma joto, nikaziondoa taarifa zako zote. Programu ikawa nyepesi. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Kisha ikaanza kuanguka, ikizimika ghafla katikati ya kazi. Tangi halikupoa, maziwa yakachacha, yakamwagwa. Kila ilipoanguka iliniachia tarakimu tupu nisizoweza kuzisoma. Mama Chebet, mwenyekiti wa ushirika, akauliza mbele ya kamati, "Si hii ndio ile system ya marehemu?" Nikasema ndiyo. Wakatikisa vichwa, nami sikuwaambia kwamba niliigusa baada yako. Nilikuacha usemwe, na maiti hajitetei.

Jumatatu niliiunda upya kwa njia yako, taarifa zote zikiwa ndani. Leo asubuhi imeanguka tena, na safari hii imetaja faili na mstari. Faili ni yangu, Kibet. Mstari ni wangu. Kipimajoto kisipojibu, nimeiambia mashine igawanye kwa sifuri, hesabu isiyowezekana, nayo inazimika.

Kurekebisha kumechukua dakika mbili. Jina lako ndilo linaloninyima raha, kwa sababu mkeo bado ananunua mboga katika soko lile lile wanakokusema.

Kesho kamati inakaa. Nimempigia mkeo simu aje. Hakuuliza kuna nini. Alisema tu, "Asante, Jerop. Wewe pekee ndio umebaki ukimtetea."

Nilimtajia saa ya mkutano, nikakata simu.

Lala salama, ndugu yangu. Nitamngoja mlangoni, nimwambie yeye kwanza, kisha niingie kwa kamati.

Jerop